Sleti ya Radi na Matusi ya Nyakaliro

Nyakaliro, Sengerema
14 Septemba 1997

Kwa Yeremia, mume mdogo wa mke wangu,

Bibi yako anakusalimu, sijui kwa nini anajisumbua. Mbuzi amezaa wawili, mmoja ana uso wa katekista wetu kabisa. Nilimwita katekista aje amwone pacha wake, akaja, akatazama, akaondoka bila kunywa chai. Mama yako Kija alishuka na kivuko wiki iliyopita, akatuletea sukari na habari kwamba umenenepa. Mimi ni mzima, ila magoti yamestaafu bila kungoja barua.

Mimi nimeingojea, na imekuja. Imeletwa na kijana wa kampuni yenu mwenye kofia, akanisainisha kama anayepokea maiti. Imepigwa taipu. Inasema kuanzia tarehe moja mwezi huu huduma yangu ya hali ya hewa haihitajiki tena, kwa kuwa ndege imefungwa chombo cha kisasa kinachopokea habari za radi angani. Chini yake imeandikwa: kwa mapendekezo ya rubani wetu. Mimi niliishia standadi foo, kwa hiyo nilisoma mara tatu kuhakikisha rubani huyo si mwingine. Mna rubani mmoja tu.

Miaka minne, Yeremia. Tangu walipoleta redio kol hii na betri ya lori wakaiweka kwangu, kila asubuhi saa moja nimepanda lile jiwe nyuma ya nyumba, nikatazama mlango wa ziwa mpaka kisiwa cha Kome, nikashuka kukuambia mbingu ikoje. Sikusomea mawingu. Nilikuwa karani wa mzani wa pamba miaka ishirini na sita, na pamba ikilowa kabla hujaifunika turubai unafukuzwa kazi, basi macho yakajifunza yenyewe.

Na namna yetu ya kuambiana, nani aliianzisha? Siku ya kwanza nilikuwa naona haya kuongea na chuma, nikakutania kama babu anavyomtania mjukuu: wewe mwizi wa mke wangu, pua kama mpini wa jembe, njoo uanguke hapa nicheke. Mbingu ilikuwa nyeupe, ukapita salama. Wiki ya pili nikaona wingu jeusi limekaa nyuma ya Kome kama ng'ombe aliyelala, hofu ikanishika, utani ukakauka mdomoni, nikajikuta nasema, "Bwana Rubani, shikamoo." Ukageuza ndege palepale. Ulisema babu akimwamkia mjukuu, dunia imepinduka. Toka siku hiyo ndivyo tulivyofanya kazi. Nikikutukana, pita. Nikikuheshimu, rudi. Katika miaka minne hukulowa hata soksi.

Sasa umepata sleti. Nasikia ni kioo bapa, ukubwa wa sleti ya darasa la kwanza, unaiweka mapajani kama mtoto anayejifunza irabu. Niambie, inajua kukutukana?

Nijibu wewe mwenyewe, kijana wa kofia asije tena.

Luhende, babu yako, aliyekuwa mtaalamu

*

Kiseke, Mwanza
6 Oktoba 1997

Babu,

Shikamoo. Mpe bibi salamu zangu. Huku tu wazima, vumbi limeisha na mvua zimewahi. Wanatangaza kwamba mwaka huu zitakuwa kubwa kuliko kawaida. Mama bado ana kikohozi lakini anaenda sokoni.

Ni kweli nilipendekeza mimi. Sikutaka ulisikie kwa barua ya ofisi, nilikuwa nimepanga kuja mwenyewe, kazi zikanibana. Kwa hilo naomba radhi. Kwa mengine siombi.

Chombo hiki si sleti ya kuchezea. Kina waya unaokwenda kwenye antena chini ya tumbo la ndege. Kila radi inapopiga, hata kama ni mbali kuliko jicho linavyofika, kinaipokea na kuweka nukta ya kijani kwenye kioo. Katikati kuna picha ya ndege, kwa hiyo naona mvua ya radi iko upande gani na umbali gani, wakati huohuo, nikiwa angani. Wewe unaona mlango mmoja wa ziwa kutoka juu ya jiwe, tena saa moja asubuhi tu. Fundi wetu Masalu, yule wa Igogo, ndiye aliyekifunga, na kila Jumatatu anakagua waya na antena. Ni fundi mwangalifu kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi.

Kuna jambo jingine, nalo nitalisema wazi. Siku hizi mashirika ya ndege ni mengi. Abiria wetu ni wenye viwanda vya minofu ya sangara, wafadhili, madaktari. Redio ile inasikika kwenye spika. Mwezi wa Juni padri mgeni aliniomba nimtafsirie ulichosema kuhusu pua yangu na mpini wa jembe. Tajiri aliniita ofisini akaniuliza kama kampuni yake inaongozwa na wendawazimu. Niliona aibu, babu.

Tafadhali kabidhi redio na betri kwa watu wa kivuko, watanifikishia.

Mjukuu wako,
Yeremia

*

Nyakaliro
2 Novemba 1997

Yeremia,

Barua yako nimeisomea mbele ya mbuzi. Yule mwenye uso wa katekista ndiye aliyeonyesha kuelewa. Bibi yako aliomba nimsomee pia, nikaruka mstari wa aibu, nikamwambia umeandika mambo ya kikohozi. Basi anachemsha majani ya mkaratusi kumpelekea mama yako. Watoto wa Ngosha jirani wana surua. Dagaa hawakauki kwa mvua hii, kijiji kizima kinanuka kama mdomo wa mamba.

Umeandika: niliona aibu, babu. Nimelitazama neno hilo siku nane.

Nikupe hadithi yangu, fupi. Mwaka 1992 walikuja vijana kununua pamba na mizani yao wenyewe, mgongoni mwa pikapu. Ruksa, soko huria. Wakafika kwenye banda langu, wakanikuta nimekaa na kalamu yangu ya wino, wakasema asante mzee, pumzika. Sikuwachukia. Sikuwajua mama zao. Wewe mama yako nilimbeba mgongoni kwenda kliniki Sengerema mvua ikinyesha, na nilimfunika turubai la pamba la serikali, kosa la kufukuzwa. Sasa wewe mtoto wake ndiye wa pili kunishika mkono na kuniambia asante mzee, pumzika, kwa sababu padri hakuelewa utani.

Na nikuulize kuhusu hiyo sleti. Inapokea radi, sawa. Radi ni mdomo wa mvua. Mvua isiyopayuka je? Upepo unaoteremka kutoka mlimani bila kupiga hodi je? Una kioo kinachosikia wapiga kelele tu, kama mwenyekiti wa kijiji.

Redio siitoi. Ilikuja kwangu kwa heshima, itaondoka kwa heshima, na heshima haiji na watu wa kivuko. Betri naichaji kwa Shimba mwenye mashine ya kusaga. Kila asubuhi nafungua, nawasikia mnavyoongea huko juu na Mwanza kwa sauti za kigeni kama watu wenye mafua. Mimi ninasikiliza tu.

Usije Krismasi. Bibi yako ataumia, lakini usije.

Luhende

*

Kiseke
20 Januari 1998

Babu,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye hogo mpaka mwezi ujao. Usimsomee bibi.

Wewe unajua kilichotokea tarehe 9 Desemba kwa sababu ulikuwa kwenye redio. Mimi nitakuambia nilichokiandika kwenye maelezo yangu. Nilitoka Mwanza saa moja na dakika kumi asubuhi, nikiwa na chanjo na muuguzi mmoja, Bernadeta, tukienda zahanati ya Kome. Baada ya kuvuka ghuba tuliingia kwenye wingu, mvua ya mawe ikatupiga, injini ikazima, nikaishusha ndege kwenye mafunjo ya ufukwe wa Kome. Wavuvi walitutoa. Mimi nimevunjika mkono. Bernadeta amevunjika nyonga, na daktari anasema atachechemea maisha yake yote. Ana miaka ishirini na sita.

Kamati ya uchunguzi iliniuliza kama nilipokea habari za hali ya hewa kutoka kwa mtu yeyote nikiwa angani. Nilisema hapana. Waliniuliza chombo cha radi kilionyesha nini. Nilisema kilikuwa kitupu.

Kwa hiyo wameamua kwamba waya wa antena ulikuwa umelegea. Masalu amerudishwa nyumbani. Wanataka kumnyang'anya cheti cha ufundi, na kamati itakaa tena mwezi Machi kulimaliza. Mimi sikusema ni yeye. Walisema wenyewe, nami nikanyamaza.

Wakaguzi watakuja Nyakaliro, kwa sababu kwenye karatasi za kampuni bado kuna redio kwako. Waambie siku hiyo betri ilikuwa imekufa. Ni jibu moja tu, nawe hujawahi kukosa jibu.

Barua hii ichome. Usinijibu.

Y.

*

Nyakaliro
8 Februari 1998

Rubani wa mafunjo,

Sikuichoma, kuni zipo. Na nakujibu, kwa sababu nimezoea kuambiwa nipumzike.

Bibi yako anaomba kila siku kwa ajili ya mkono wako. Nyumba ya Ngosha imeanguka upande mmoja kwa mvua. Barabara ya Sengerema imekatika sehemu mbili, barua yako imekuja na dagaa, ndiyo maana angalau harufu yake ni ya kweli.

Wakaguzi wako walikuja Alhamisi, wawili. Mmoja alipoteza kiatu kwenye tope karibu na josho, akanihoji mguu mmoja peku, na mimi ninashindwa kumwogopa mtu wa serikali ninayeona kidole chake gumba. Niliwaambia betri ilikufa tangu Novemba. Wakaomba kuiona. Nikawaambia imepelekwa kwa fundi. Ilikuwa chini ya kitanda cha bibi yako, nimeifunika na gunia la michembe ya viazi. Wakaandika, wakanywa maziwa, wakashukuru. Haikuchukua hata robo saa. Sikujua kwamba uongo wa kiserikali ni mwepesi hivyo, ningeanza zamani.

Jumapili akaja mtu mwingine. Mwanamke, amefunga kanga kiunoni, amelowa mpaka magotini. Odeta, mke wa Masalu. Ametoka Igogo, amevuka na kivuko, ametembea kutoka pale barabara ilipokatika. Aliniamkia vizuri. Akasema amekuwa akienda hospitali kumwogesha Bernadeta, kwa sababu ndugu zake wako mbali na kwa sababu watu wanasema mume wake ndiye aliyemvunja. Bernadeta amemwambia kwamba kabla ya mawe kuanza alisikia kwenye spika ya ndege sauti ya mzee. Mzee anatukana. Alipowaambia wakaguzi, walisema ni homa. Odeta akaniuliza, "Babu, ni wewe?"

Nikamwambia wagonjwa huota.

Hakubisha. Alikunywa maji nusu kikombe, akakiweka chini taratibu kama kitu cha mtu mwingine. Akasema Masalu sasa anakaa chini mlangoni kwake na spana za baiskeli, watu wanapita na baiskeli zao mbovu kuzipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili. Halafu akaondoka ili awahi kivuko. Bibi yako alimfungia samaki, akawakataa.

Toka hapo chakula kinanipita kando. Na ninakuchukia kwa hilo, nakuandikia ujue. Wewe ndiye uliyetangulia kusema uongo, ukanituma niufuate nyuma nikibeba mzigo. Umemwacha fundi mwangalifu kuliko wote, maneno yako mwenyewe hayo, akae kwenye vumbi. Mkono wako utapona. Mdomo wako una ugonjwa gani?

Luhende

*

Kiseke
1 Machi 1998

Babu,

Shikamoo. Hogo limetolewa. Mama hajui lolote, anadhani tunagombana kwa sababu ya Krismasi.

Umeandika kurasa mbili kuhusu kiatu cha mkaguzi na samaki wa bibi. Hukuandika maneno kumi uliyonijibu nilipokuita saa moja na dakika ishirini na tano. Nitakuandikia mimi, maana nayasikia kila ninapolala: "Nenda, fisi usiye na ukoo, na hiyo sleti yako ikuzike."

Nilikuita kwa jina. Niliuliza Kome ikoje. Na hayo ndiyo uliyonipa.

Sasa jibu swali langu kabla ya kuuliza kuhusu mdomo wangu. Ulikuwa umepanda kwenye jiwe asubuhi hiyo? Uliliona wingu? Kwetu sisi wawili tusi maana yake ni pita. Uliianzisha wewe namna hiyo, umenikumbusha mwenyewe kwenye barua yako ya Septemba. Ulijua, au hasira ilikusahaulisha?

Usidhani utanitisha kwa Odeta. Nikisema kwamba niliita, watauliza kwa nini nilificha, na leseni yangu itakwisha. Na wakijua ulichojibu, jina lako litasomwa gazetini: babu aliyemtukana mjukuu wake kuelekea kwenye radi. Wewe huna leseni ya kupoteza, lakini una kijiji, na una bibi anayeamini kwamba tulikuwa tunajadili kikohozi.

Kamati inakaa tarehe 24, Mwanza. Masalu ameitwa, mimi sijaitwa. Baki Nyakaliro. Barabara ni mbovu, magoti yako hayawezi.

Yeremia

*

Nyakaliro
29 Machi 1998

Yeremia,

Magoti yaliweza. Sijui yalipata wapi nguvu, huenda kwa kukataliwa.

Bibi yako hajambo, anajua. Nilimwambia kabla ya kuondoka. Alinipigia pasi koti la ushirika wa pamba kwa mkaa, akalipiga pasi mpaka likaungua kwapani. Mbuzi mwenye uso wa katekista amekufa kwa kuhara.

Nilifika Mwanza tarehe 23, nikalala kwa mama yako, nikamdanganya nimekuja kupima macho. Asubuhi nikaenda. Chumba kina feni inayozunguka kama inafikiria. Wazee watatu mezani, msichana anaitwa Winnie kwenye taipu, Masalu mbele kwenye kiti, Odeta ukutani. Nikasema jina langu, nikasema betri ilikuwa nzima, nikasema niliongopa kwa yule mwenye kiatu kimoja. Alikuwepo. Alikuwa na vyote viwili.

Wakasema nieleze. Nikaeleza namna yetu, toka siku ya kwanza. Wawili hawakuelewa, walidhani akili imenitoka. Wa tatu ni Msukuma wa Magu, alianza kucheka nilipofika kwenye shikamoo, akacheka vizuri kama mtu anayemkumbuka babu yake. Halafu akaacha. Yeye alifika mwisho wa hadithi kabla yangu, nikamwona uso unavyobadilika.

Mwenyekiti akaniuliza nilisema nini siku ile. Nikasema. Taipu ikanyamaza. Winnie akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akamwambia aandike kwamba mzee alitumia lugha kali. Nikamwambia, "Andika fisi, binti. Mtu anachechemea kwa ajili ya neno hilo, liandike lote." Akaandika, herufi moja moja.

Ndipo yule wa Magu akaniuliza lile swali lako. Aliniuliza kwa Kisukuma, taratibu, kama tuko kwetu. Mzee, ulijua kwamba akisikia tusi atapita?

Kwa hiyo unapata jibu lako kwa taipu, lakini nakuandikia pia kwa mkono.

Nilikuwa nimepanda kwenye jiwe. Wingu niliona, jeusi na tumbo la kijani, limekaa juu ya Kome. Nilishuka, nikakaa mbele ya redio, nikafungua. Sikutaka kukuita. Nilikuwa nangoja uite wewe. Tangu Novemba nilikuwa nangoja uite. Ukaita. Na badala ya kufurahi, hasira yote ikapanda, ya pamba na ya padri na ya ile barua ya taipu, nikabonyeza kitufe nikatukana. Hilo la kwanza lilikuwa hasira, naliapia kwa chochote. Lakini kabla neno la mwisho halijatoka nilikuwa nimekumbuka. Kidole kilikuwa bado kwenye kitufe, Yeremia. Nafasi ilikuwepo ya kusema Bwana Rubani, shikamoo. Ni maneno matatu. Nikafikiri, acha aogope kidogo, yeye na sleti yake. Nikaondoa kidole.

Nilitaka uogope. Sikutaka zaidi ya hapo. Mvua ya mawe hainiulizi nimetaka kiasi gani.

Nilimjibu yule wa Magu: nilijua.

Masalu hakugeuka. Nilipotoka Odeta alikuwa mlangoni, akanipisha nipite kama unavyopisha baiskeli. Kijijini wameshasikia. Ngosha hanisalimii, na watoto wake niliokuwa nawapa sukari wamefundishwa kukimbia.

Kamati imeahirishwa mpaka tarehe 14 Aprili. Safari hii wewe umeitwa. Wamebakiza swali moja kabla ya kumwachia Masalu: kama sleti ilikuwa tupu kweli, waya ulilegea au haukulegea? Hilo mimi silijui, niliongea ya kwangu. Usiende kwa ajili yangu, wewe huna la kunilipa na mimi sina la kukudai. Na ukienda usijaribu kunisafisha. Koti langu lina tundu la pasi, linatosha.

Luhende

*

Kiseke
19 Aprili 1998

Babu,

Shikamoo. Mama anajua sasa. Aliacha kula siku mbili, leo amekunywa uji. Mvua zimepungua.

Nilikwenda. Leseni yangu imesimamishwa mwaka mmoja, na kampuni haitanirudisha hata baada ya hapo. Masalu amerudishiwa cheti na kazi. Nilimfuata kwenye banda la ndege kumwomba radhi, alikuwa na bisibisi mdomoni, akaendelea na kazi mpaka nikaondoka. Bernadeta nilimwambia mwenyewe, kitandani pake. Alisema, "Kumbe sikuwa na homa."

Waya haukulegea. Hili sijamwambia mtu nje ya kamati, na nitakuambia wewe mara moja.

Sleti yako, kama unavyoiita, ilikuwa nzima. Tulipomaliza kuvuka ghuba, upande wa Kome wa kioo ulikuwa umejaa nukta za kijani, zimebanana mpaka hazihesabiki. Kazi ya Masalu ilikuwa safi kabisa. Kilichokuwa mbele yangu kwa macho ni ukungu mweupe wa kawaida, na nilikuwa nimekaa na nukta zile, na chanjo zinazoharibika kwa joto, na sikutaka kurudi. Ndipo nikakuita. Sikuwa na haja ya kukuita. Niliita kwa sababu ilikuwa miezi mitatu.

Ulipotukana, nilitabasamu. Bernadeta aliniona, ameieleza kamati. Nilidhani umeacha hasira. Fisi usiye na ukoo: ulikuwa hujawahi kunitukana vikali hivyo, nikahesabu kwamba ukali huo ni wa mtu aliyenikosa siku nyingi.

Chombo kina kitufe cha kufuta. Nukta za zamani hubaki kwenye kioo, kwa hiyo unafuta uone kama zinarudi. Zikirudi, radi ni za sasa hivi. Nilifuta. Zikarudi. Nikafuta tena. Zikarudi upesi zaidi. Nikafuta mara ya tatu, na nikaingia kwenye ukungu wakati kioo ni kitupu, kwa hiyo nilichowaambia mwezi Desemba hakikuwa uongo wote.

Mwenyekiti aliniuliza kwa nini rubani mwenye chombo kizima, kinachomwonyesha radi mbele ya pua yake, akifute mara tatu. Nikamwambia babu yangu alikuwa ameshasema nipite.

Alingoja niongeze kitu. Winnie naye alingoja, vidole viko kwenye taipu. Kisha wakaniambia nisaini.

Yeremia